Sufuria Hununuliwa kwa Kitako

Maneno ya fundi sufuria wa Ngamiani mbele ya kikundi cha wapika pombe, Pongwe, Tanga

Shikamooni wakubwa. Wenzangu na wadogo zangu, hamjambo? Mama mwenyekiti, ahsante kwa kunikaribisha, na ahsante kwa ule muhogo wa nazi, maana fundi akisema na njaa husema makali.

Nianze na jambo ambalo najua litaulizwa. Mimi pombe sinywi. Sababu zangu ninazo, na sikupanda daladala kutoka mjini kuja kumhubiria mtu. Mama yangu alipika boha, ile pombe ya miwa, kule Muheza, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye maji ya miwa, kwa hiyo anayeisema vibaya kazi hii ananisema na mimi. Tena kibanda changu pale Ngamiani hakina biashara nyingine zaidi ya sufuria: kuziba matundu, kurudishia vishikio, kunyoosha vitako. Sufuria za pilau la harusi, za maharage ya shule, za sabuni, za pombe, zote zinapita mikononi mwangu. Mwenye sufuria anaweza kunidanganya jinsi alivyoitumia. Sufuria yenyewe haiwezi.

Nimeambiwa mmechanga miezi saba, na hii hapa ndiyo sufuria mliyoletewa muitazame mpaka Jumatatu kabla hamjatoa hela. Tangu nimekaa hapa nimewaangalia. Kila aliyepita ameipapasa ubavuni, akainama, akajitazama sura yake, akaondoka anatabasamu. Hata mimi nilijitazama, sikatai. Lakini katika watu wote hawa hakuna aliyeipindua.

Mama mwenyekiti, naomba waipindue. Naam. Sasa ndiyo tunaiona sufuria. Mlichokuwa mnakitazama ni kioo.

Kitako ndicho kinachokaa motoni, ubavu kazi yake kuzuia maji yasimwagike. Nikiletewa sufuria iliyochoka, siulizi ilikuwa inapikia wapi. Ikiwa na duara jeusi upana wa sahani, najua mwenyewe anatumia gesi. Miali ya gesi hutoka kwenye pete, ikachoma palepale, na chuma kikiwa chembamba kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na maji yake matamu, kinagandia juu ya hiyo pete wakati pembeni maji bado hayajastuka. Ikiwa na masizi mpaka shingoni, na kitako kimechoka kote sawasawa, hiyo ni ya kuni na mafiga. Kuni zina moshi, macho yanatuuma, bei yake inapanda kila mwaka, lakini moto wake unailamba sufuria nzima. Na ikiwa kitako kimeshuka kama tumbo la mlaji, basi kuna mtu aliisahau juu ya mkaa mpaka ikakauka. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na mkaa unaopulizwa na upepo unaweza kupita hapo. Maji yakiwemo ndani, kitako hakiendi mbali na nyuzi mia moja, kwa sababu maji yanakichukulia joto lote. Yakiisha, sufuria imebaki peke yake na moto.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Pindua. Bonyeza katikati kwa kidole gumba, tena kwa nguvu, usimwonee haya muuzaji. Kikibonyea na kurudi kwa mlio, irudishe rafuni. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Kitako chembamba hulia kama debe, kinene hujibu kwa sauti nzito na kunyamaza. Sufuria nyembamba ni kama ule msemo wa mji wetu: waja leo, waondoka leo. Nyie mnaopika uji wa mahindi na mtama, hili linawahusu kuliko hawa vijana wenye bia ya shayiri. Wao wakishachuja machicha, wanachemsha maji matamu mepesi yanayojizungusha yenyewe. Uji wenu hauzunguki mpaka uzungushwe na mwiko, na mkono ukichoka dakika mbili tu, ukoko umeshajishika chini. Ukoko wa wali tunaugombania. Ukoko wa pombe hakuna wa kuugombania, harufu yake inaingia kwenye pipa zima na haitoki.

Hii yenu nimeibonyeza. Haikubonyea. Tazameni hapa chini, kuna sahani imepachikwa juu ya kitako: hiyo ni alumini iliyobanwa katikati ya tabaka mbili za chuma. Aliyeitengeneza anajua kazi. Stenlesi, chuma hiki cha kung'aa, peke yake ni mvivu wa kusambaza joto, alumini inaipita zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana wanaiweka pale chini, ichukue moto wa pete na kuutandaza. Kwa hiyo kitako kimepita. Msishangilie bado.

Karatasi iliyobandikwa inasema lita 50. Nani amepima? Kijana, shika tepu. Pima ndani, si nje. Upana? Sentimita 40. Kimo? 34. Haya, hesabu ya darasani. Nusu ya upana ni 20. Ishirini mara ishirini ni 400. Mara 3.14, tunapata 1,256. Mara kimo, 34, tunapata 42,704. Gawa kwa 1,000: lita 42 na kitu. Lita saba zimeliwa na karatasi! Simsemi muuzaji kuwa mwongo, huenda naye kaletewa hivyohivyo. Ila tepu ni bei ndogo, na kila mmoja wenu anayo kwenye kabati la cherehani.

Na hizo 42 ni za kujaza mpaka ukingoni, ujazo ambao mpishi wa pombe hawezi kuutumia hata siku moja.

Mama yangu alikuwa na sufuria aliyoipenda, zawadi ya dada yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchochea. Siku moja kulikuwa na msiba wa mtu mkubwa pale kijijini, pombe ikatakiwa nyingi, mama akajaza maji ya miwa yakabakiza vidole viwili tu. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Nikachochea kama mtoto anayetaka kusifiwa. Maji ya miwa yakikaribia kuchemka hutoa povu la uchafu wake, rangi ya matope, na povu hilo halipigi hodi. Lilipanda, likapita ukingo, likashuka pande zote tatu za mafiga na kuzima moto kabisa. Moshi, majivu, utamu wa miwa ukiungua, na nyuki. Mama hakunipiga. Alikaa chini akatazama. Nusu ya kazi ya siku mbili ilikuwa inanywewa na mchanga.

Povu la kimea cha shayiri ni ndugu yake. Linapanda sana dakika chache kabla ya mchemko wa kwanza kwa sababu ya protini za nafaka, na linarudi tena kwa ghafla mnapotupia hopsi, yale maua machungu ya kutia bia ladha. Dawa yake mnaijua: nyunyiza maji baridi kwa kiganja, koroga, punguza moto. Lakini hapo kwenye kupunguza moto ndipo tunapoachana. Mwenye gesi anazungusha kitufe. Mwenye kuni anavuta magogo, anaungua vidole, na makaa yanabaki yanaendelea na shughuli yao kama hayajasikia. Kwa hiyo anayepikia kuni anunue sufuria yenye nafasi kubwa zaidi kuliko mwenye gesi, hata kama wanapika kiasi kilekile. Watu wengi wanafanya kinyume. Mwenye jiko la gesi ana hela, ananunua kubwa. Mwenye kuni anabana, ananunua inayomtosha kamili, halafu ananiletea mimi ikiwa imeungua nje.

Vijana, nyie mmesema mnataka kupata lita 20 za bia kila mkipika. Msitafute sufuria ya lita 20, na ya 25 pia msiitafute. Mchemko wa saa moja unawapunguzia kama lita tatu zinazopaa kwa mvuke, na sufuria ikiwa pana zinapaa zaidi. Matope ya kimea na makapi ya hopsi yanabaki chini na lita mbili ambazo hamtazitaka kwenye chombo cha kuchachushia. Halafu maji ya moto yakipoa yanajikunja, karibu lita moja inapotea bila kumwagika popote. Kwa hiyo mnaanza na lita 26. Weka juu yake theluthi moja ya povu, mmefika 35. Kwa gesi, sufuria ya lita 35 mpaka 40 ya kweli, ya tepu, inawafaa. Kwa kuni ningewapeleka 45 au 50.

Umbo nalo lina maneno yake. Ikiwa pana na fupi kama karai, inapoteza maji haraka na inahitaji jiko kubwa. Ikiwa nyembamba na ndefu kama bomba, mkono haufiki chini kukoroga, na mwenye kimo changu anapanda juu ya kigoda akiwa na mwiko mbele ya maji yanayochemka, jambo ambalo silipendi hata kulisimulia. Upana na kimo vikilingana, au kimo kizidi kidogo, mmepata. Hii yenu ni pana kuliko kimo, lakini si kwa ubaya.

Mfuniko ni wa kuharakisha mchemko tu. Yakianza kuchemka, ondoa. Kimea cheupe cha shayiri kina kitu kinachogeuka harufu ya kabichi iliyochemshwa, na kinatoka na mvuke. Ukifunika kinadondoka kurudi ndani.

Sasa alumini au stenlesi. Hapa ndipo watu wanataka ugomvi, na mimi sina ugomvi. Nimeona pombe nzuri zikitoka kwenye alumini maisha yangu yote. Ni nyepesi, inasambaza joto, na bei yake si ya kuuza mbuzi. Ila ina adabu zake. Ikiwa mpya, jaza maji matupu, chemsha nusu saa, mwaga. Itapoteza mng'aro, itakuwa ya kijivu, na akina mama wataanza kuhangaika na waya wa kusugulia. Acheni! Huo ukijivu ndio ngozi yake. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia alumini isiguswe na kimea, ambacho kina uchachu kidogo. Ukiisugua mpaka ing'ae, umeichuna. Na kostiki soda isiisogelee kabisa. Kuna mama mmoja, wala si wa hapa, alikuwa anapika sabuni na pombe. Akaona aokoe muda, akaloweka sufuria ya alumini kwa kostiki aitakatishe. Ikaanza kutoa mapovu yenyewe bila moto, akadhani inasafishika. Ilikuwa inaliwa. Na hewa inayotoka hapo ni haidrojeni, inayoshika moto. Aliniletea kitako kimekuwa chujio. Nilimwambia aoteshe mchicha humo.

Jingine: pika ndani yake, usilaze pombe ndani yake. Pombe inayochacha kwa siku tatu au nne ina ukali kuliko uji wa jana, na alumini itatobokatoboka vidoa vidogovidogo. Ikipoa, hamishia kwenye ndoo au jaba la plastiki la chakula.

Na hizi za kusubu, zinazomiminwa kutoka kwenye vyuma chakavu, mtanisamehe, maana wanaozisubu ni wenzangu na tunakopeshana nyundo. Kitako chake ni kinene kweli, na ningewasifia hapo. Tatizo ni kwamba kwenye lile tanuru inaingia injini, inaingia rejeta, inaingia na kisichojulikana. Watafiti walizipima kule Kameruni, wakachemshia humo maji yaliyotiwa asidi kidogo, wakakuta risasi, ile metali nzito yenye sumu, imetoka ikaingia kwenye maji. Risasi haina ladha wala harufu, na haitoki mwilini kwa urahisi. Mimi kwa pilau la siku moja nakaa kimya. Kwa pombe ya kila wiki, yenye uchachu, inayochemka saa nzima na zaidi, naomba msinunue.

Stenlesi haina masharti hayo. Sugua utakavyo, osha kwa sabuni utakayo, laza pombe humo ukipenda. Ukiwa na hela, nenda nayo. Inayofaa sana ni ile ambayo mafundi huiita 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Mimi hutembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio. Iguse ubavuni, si kwenye kitako, maana vitako vingine huwekewa chuma kinachoshika sumaku kwa ajili ya majiko ya umeme. Sumaku iking'ang'ania ubavu, hiyo ni stenlesi ya daraja la chini, isiyo na nikeli, na hapa kwetu kwenye upepo wa chumvi itaanza kutoa vidoa vya kutu mapema. Isipong'ang'ania, ni dalili njema, ingawa si hati ya kiapo, kwa sababu ipo nyingine ya bei rahisi yenye manganizi ambayo nayo haishiki. Hii yenu haijashika. Nzuri.

Mapipa. Najua wapo humu wanaopikia pipa lililokatwa nusu, na najua kwa nini: pipa la lita 200 likikatwa linatoa majungu mawili, na mjini kwenye bandari mapipa hayakosekani. Nitauliza swali moja tu. Lilibeba nini? Kama mwenye nalo anajibu "mafuta tu," muulizeni mafuta gani. Mapipa yanabeba vilainishi, vimumunyisho, dawa za mashamba. Kulichoma moto na kulisugua kwa mchanga hakuondoi kilichoingia kwenye maungio na rangi ya ndani. Na yale ya mabati yenye maua ya fedha yamepakwa zinki. Zinki na kitu kichachu havipatani, inayeyuka inaingia kwenye pombe, na mnywaji anatapika usiku mzima halafu mnasema mtu kamroga. Nimeombwa mara nyingi kukata mapipa ya namna hiyo. Siku hizi nakataa, na wateja wananinunia. Pipa ambalo lilibeba asali au maji ya matunda, lenye maandishi yake na unamjua aliyelitoa, hilo lete tuzungumze.

Kuna na kijana aliniuliza wiki iliyopita kuhusu yale mapipa mazito ya bia za kiwanda, ya stenlesi, lita 30 na 50. Ni chombo kizuri sana, Ulaya na Marekani wapika bia wa nyumbani huyakata juu wakapata sufuria isiyokufa. Lakini lile ni mali ya kiwanda, mwenye baa amepewa kwa dhamana. Mimi mali ya mtu sikati. Tena likiwa bado na presha ndani, ukiligusa na msumeno litakujibu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kwenye kubeba, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watu wakiumia, na nimeona zaidi ya mara moja.

Lita 26 ni kilo 26, na kimea kina sukari kwa hiyo kinazidi kidogo. Sufuria yenyewe kilo tano. Hicho ni kifurushi cha zaidi ya kilo 30 kinachotikisika, cha nyuzi mia moja, na chenye sukari. Maji ya moto yakikumwagikia yanateleza. Maji ya sukari yananasa kwenye ngozi yakaendelea kuunguza. Niliwahi kuletewa sufuria yenye kishikio kimoja, cha pili kimekuja ndani ya mfuko wa plastiki. Nikauliza kama kawaida, kilitoka lini? Aliyeileta alikuwa mdogo wake mwenye sufuria. Akaniambia mwenyewe yuko wodini, mguu wote mpaka pajani. Walikuwa wawili wanaiteremsha jikoni, ribiti mbili, zile pini zinazokishika kishikio, zikachomoka upande mmoja. Nilipozitazama zile ribiti, zilikuwa za alumini laini, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Kazi ya kuzirudishia ingenichukua dakika kumi kabla ya ajali.

Basi vishikio: vitikise. Ribiti ziwe tatu au nne kila upande na zisicheze hata chembe. Vya kuchomelea ni imara zaidi kama mchomaji ni fundi. Ingiza mkono ukiwa umeshika kitambaa, kwa sababu ndivyo utakavyoingia siku ya kazi. Kikiwa kidogo kwa mkono wenye kitambaa, ni pambo. Hii yenu ina ribiti tatu. Nimeitikisa. Kishikio cha kushoto kinacheza kidogo. Mwambieni muuzaji akibadilishe au apunguze bei, nami nitaikaza.

Na vijana wa gesi: ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko linalofungwa juu yake umetengenezwa kwa chai na ugali wa watu watano. Msipandishe kilo 30 juu yake. Utapinduka, na utapinduka na moto wake. Tafuteni jiko la chuma la miguu mifupi, linalokaa chini, mpira ukitokea kwenye mtungi uliowekwa mbali. Gesi yenyewe, kwa hesabu yangu, kupasha lita 26 na kuzichemsha saa nzima kunakula karibu kilo moja, upepo wa bahari ukipuliza inazidi. Mtungi wa kilo 6 msitegemee mapishi kumi.

Dawa ya kubeba ni kutobeba. Toboa tundu, weka koki. Nipeni sufuria yenye kitako kizuri, koki naiweka mimi asubuhi mnaichukua jioni. Iwe ya stenlesi, inayofunguka yote ioshwe ndani, maana uchafu wa juzi ukijificha kwenye koki ndio unaochachua pombe ya leo vibaya. Naiweka juu ya kitako kwa vidole viwili, ili matope yabaki chini pombe safi ikitoka. Zile pete za kuzibia, washa, za mpira mweusi wa bomba la maji siziweki, zinatoa harufu ya tairi, naweka za silikoni. Na msiunganishe mpira wa kumwagilia bustani. Ukipata moto unalainika na kutema ladha yake yote. Ila sufuria ya uji mzito msiniletee niiwekee koki ya inchi nusu. Itaziba siku ya kwanza na mtanipigia simu.

Nisisahau, na hapa mtacheka. Wapika bia ya shayiri huipoza kwa bomba la shaba lililokunjwa kama chemchemi ya godoro, linatumbukizwa kwenye sufuria, maji ya bomba yanapita ndani yake. Ni kifaa halali kabisa. Lakini fikirieni mjumbe wa nyumba kumi anapita kwenye ua wenu saa mbili usiku. Anaona moto. Anaona sufuria kubwa. Anaona bomba la shaba limejikunja linatokea kwenye sufuria. Huyo hatauliza habari za hopsi. Kwake hiyo ni gongo, na gongo ni marufuku, anayejua anajua. Pikeni mchana, mlango wazi, na mwambieni mapema mnachofanya. Na mkishanunua hilo bomba, hakikisheni linaingia kwenye sufuria bila kubanwa. Maji yetu ya bomba Tanga nayo ni ya uvuguvugu, hayatawafikisha kwenye ubaridi mnaousoma kwenye vitabu vya Wazungu. Yapitisheni kwanza kwenye beseni la barafu.

Mmeniuliza mnunue moja ya lita 100 au mbili. Akina mama, mnataka lita 60 kwa kila upishi wa Ijumaa. Moja ya lita 100 ina fahari yake, na najua mwenyekiti ameshaipenda. Mimi nasema mbili za 50, za tepu. Ya lita 100 ikijaa hakuna wawili humu watakaoisogeza hata sentimita, inataka mafiga ya kujengwa, na ikitoboka Alhamisi, Ijumaa hamna kazi. Mbili, moja ikija kwangu nyingine inabaki inapika. Tena mnaweza kupika kwenye nyumba mbili. Na siku mtakapogombana, maana vikundi hugombana, mtagawana bila kuja kunitafuta na msumeno.

Hii iliyopo hapa ichukueni kwa ajili ya vijana, kwa bei ya lita 42 na si ya 50, kishikio kikishatengenezwa. Kwa lita zenu 60 haitoshi.

Bado mnanitazama kama sijawashawishi kuhusu karatasi. Haya. Mama mwenyekiti, nilikuomba dumu la lita 20 na maji. Igeuzeni sufuria ikae sawa hapo kwenye saruji. Mwiko uko wapi? Tutaukatia alama kila lita tano, uwe rula yenu. Kijana, mimina taratibu, na wengine mhesabu kwa sauti.